Saa Isiyo na Mwenyewe

Gwakisa Kibona alikuwa fundi saa kabla hajawa mtu wa kompyuta, na mimi nasema hakuwahi kuacha kuwa fundi saa. Nimekaa naye ukuta kwa ukuta miaka kumi na mitatu pale Tunduma, kwenye barabara inayopanda kwenda getini, mimi na steshenari yangu ya kuchapa na kutoa kopi, yeye na meza yake ya ufundi. Jina langu Rosemary Nzunda, Mnyiha wa Nanyala, na kwetu hatupendi kuzungushwa. Gwakisa yeye ni Mndali wa Ibaba, kule juu Ileje ambako ukungu unaingia ndani ya nyumba bila hodi. Nadhani uliingia na kichwani mwake akiwa mdogo, ukapapenda. Unamuuliza swali asubuhi, anakujibu baada ya chakula cha mchana.

Ufundi wa saa aliusomea Mbeya mjini katikati ya miaka ya themanini, wakati saa ya mkononi ilikuwa kitu cha kurithishana. Alipohamia Tunduma alikuja na kioo chake kidogo cha kubana jichoni, na watu walimletea saa zao wamezifunga kwenye leso. Halafu biashara ikafunguliwa, bidhaa zikamiminika kutoka kila upande, na saa za plastiki zikawa zinauzwa rahisi kuliko kumlipa fundi afungue kifuniko. Baadaye zikaja simu, na saa ikahamia ndani ya simu. Mwingine angeanza kunywa. Gwakisa alifungua redio, akafungua simu, akafungua kompyuta za mitumba zilizoshuka kwenye makontena. Siku moja, ng'ambo ya mpaka kule Nakonde, katika vitabu chakavu vya kufungia maandazi, akaokota kitabu kinene cha Kiingereza cha kuendesha seva za mtandao. Kilikuwa kimechanwa sura mbili za mwanzo. Ndiyo maana nilikuwa namtania kwamba anajua kila kitu kuhusu seva isipokuwa seva ni ya nini.

Seva ni kompyuta isiyolala, basi. Inakaa mahali inangoja mtu yeyote, popote alipo, aiombe ukurasa, na akiomba inampa. Ya Gwakisa ilikaa kwenye stoo yangu, juu ya kreti la soda, kwa sababu waya wa intaneti ulikuwa unaingilia kwangu. Umeme ukikatika ililishwa na betri mbili za lori. Aliiwasha mara ya kwanza mwaka 2010, akashinda siku nzima anaisikiliza. Ilikuwa na mvumo mdogo, wa chini, usiopanda wala kushuka. Nilikuwa naingia kuchukua rimu ya karatasi namkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho nusu, vile mtu anavyoota moto. Na mimi mwenyewe, mwenye wateja watatu mlangoni, nikisimama pale dakika mbili nilikuwa nasahau nilichofuata.

Ilikuwa ya nini? Ilikuwa ya Tumpe.

Tumpe alikuwa mdogo wake, mtoto wa mwisho wa mama yao. Mwaka 1991, akiwa na miaka kumi na tisa, alipendana na dereva wa lori Mzambia, na baba yao akasimama mlangoni akamwambia, ukivuka mpaka usirudi. Wazee husema maneno kama hayo kwa hasira na wanategemea uwe na akili ya kutoyafuata. Tumpe aliyafuata. Alivuka, na hakurudi, na haikuja barua hata moja. Baba alifariki mwaka 2003, lakini lile neno halikufa naye. Mimi nimejua siku nyingi kwamba Gwakisa hakuja Tunduma kutafuta saa za kutengeneza. Alikuja kukaa karibu na geti alilopitia mdogo wake.

Wasiojua Tunduma wajue kwamba sisi tuko mbele ya Zambia kwa saa nzima. Unatoka hapa saa tatu kwa miguu, unafika pale ng'ambo saa mbili, jasho halijakauka. Sisi hatushangai tena. Hata Nakonde kwenyewe wenye maduka wengi wanafuata saa yetu, kwa kuwa wateja ni sisi, na saa ya Lusaka wanaziachia ofisi za serikali. Gwakisa peke yake ndiye aliyekuwa bado anashangaa. Alikuwa ananiuliza, ile saa moja inakwenda wapi? Mtu akivuka, nani anaichukua? Alisema kati ya mageti mawili kuna saa isiyo na mwenyewe, haimo kwenye vitabu vya huku wala vya kule, na vitu vyote vinavyopotea mpakani vinaangukia humo: ndala za watoto, magunia, barua, watu. Alisema humo ndani ni asubuhi siku zote, na ukungu kidogo.

"Tumpe yuko humo," aliniambia siku moja, kwa sauti ile ile unayosemea kwamba mtu yuko sokoni.

Nilimwambia Tumpe yuko Zambia kama watu wengine, na yeye aende akale. Lakini wateja walipoondoka nilijikuta nimesimama mlangoni naangalia foleni ya malori, nusu haijavuka na nusu imevuka, na kwa muda mfupi nilikuwa na hakika kwamba pale katikati pana kitu.

Ukurasa wake aliuita Kuulizana. Mtu anaandika anamtafuta nani, ametoka wapi, ameonekana wapi mara ya mwisho, na kila aufunguaye anasoma. Aliuwekea fomu ya kuandikia barua, sahili kabisa, aliyoitengeneza kwa sura ya sita ya kile kitabu. Habari za ukurasa huo zilibebwa na madereva. Mzee mmoja wa Isongole alimpata mwanawe aliyekuwa Lubumbashi. Mama mmoja wa wafugaji wa bondeni Momba alipata habari ya mumewe, ambayo haikuwa nzuri, lakini alisema ni afadhali. Watu wasiojua kuandika walikuja kwangu nikawachapia, na mimi Rosemary, mwenye ulimi huu, nilikuwa nachapa huku kamasi zinanitoka. Kila jioni kabla hajafunga, Gwakisa alipitia barua mpya kutoka juu hadi chini akitafuta jina moja.

Halafu yakaja matangazo. Sijui yanatoka wapi mambo haya. Kila asubuhi tulikuta ukurasa umejaa dawa za kunenepa, dawa za kukonda, na dawa ambazo siwezi kuzitaja, zote zimeandikwa na mashine kwa lugha za watu. Barua ya mama anayemtafuta mwanawe imebanwa katikati ya uchafu huo. Mimi ndiye niliyechoka. Nilimwambia Gwakisa aweke mlango, ama si hivyo atoe kompyuta yake kwenye stoo yangu. Nilisema kwa ukali, na nataka ijulikane kwamba ni mimi niliyesema.

Akafikiri siku nne, akaweka mlango wa kifundi saa. Mtu akifungua fomu, kompyuta yake mwenyewe inaipiga barua muhuri wa saa. Barua ikifika, seva inaangalia ule muhuri na kuulinganisha na saa yake. Zikiwa zimepita zaidi ya dakika thelathini, seva inajua kwamba huyu si mtu, ni mashine iliyonakili fomu siku nyingi na inairusha tena na tena. Barua hiyo inatupwa. Na ili ile mashine isijue kwamba imefukuzwa ikatafuta njia nyingine, inajibiwa kwa adabu kama mtu mwingine yeyote. Neno la kujibu aliniachia mimi. Niliandika: "Asante. Barua yako imefika."

Tulijaribu kila upande. Niliandika barua kutoka kwangu, ikaingia. Gwakisa akavuka hadi Nakonde, kwa rafiki yake Watson mwenye duka la vipuri na kompyuta ya dukani, akaandika kutoka kule, ikaingia. Alirudi amefurahi. Hiyo ilikuwa Agosti 2012. Kuanzia siku hiyo matangazo yalikoma kabisa, ukurasa ukawa safi kama ua lililofagiliwa, na mimi nikajipongeza.

Lakini pakawa kimya. Barua za Mbozi zilikuja, za Mbeya, hata za Nairobi. Za kusini zilikauka. Tulisema labda madereva wamebadilisha njia, labda watu wamepata mitandao mingine ya kisasa. Gwakisa aliendelea kupitia ukurasa kila jioni, ila alianza kuupitia haraka. Nilimwona akizeeka mwaka ule.

Sasa, katika ukoo wao kuna desturi. Mtu akipotea miaka mingi na pasijulikane kaburi lake, wanachimba kaburi wanazika mgomba kwa jina lake, wanalia, wanamaliza, ili walio hai wapate kulala. Mama yao, Mama Ketrina, alikuwa ameikataa desturi hiyo miaka na miaka. Safari hii baba mdogo wao, Mzee Anyelwisye, aliyekuwa mkubwa wa ukoo, alikuja na neno jingine. Alisema tulikubaliana tungoje mashine ya Gwakisa iseme, na mashine imenyamaza mwaka mzima, basi nayo imesema. Siku ikapangwa, Jumamosi ya kwanza baada ya mahindi kuingia ghalani, Agosti 2013. Kwa kuwa Ibaba ni baridi na migomba haistawi, mgomba ungeletwa kutoka Isongole.

Aliniambia Jumanne, akiwa anafuta meza yake. Alisema Jumamosi wakishamaliza, Jumatatu atakuja kuizima seva, nitapata stoo yangu. Miaka mitatu nilikuwa nailalamikia stoo ile. Siku hiyo nililia, tena mbele ya wateja, na wala sikujali.

Jumatano saa tano asubuhi akaja Watson. Alikuwa amevuka kwa miguu, vumbi hadi magotini, na hakukaa hata kusalimia vizuri.

"Ba Gwakisa," alisema kwa heshima ya kwao Zambia, "mashine yenu inakula barua zangu. Mara tatu inaniambia asante, na barua siioni."

Alikuwa anamtafuta shemeji yake aliyepotelea Makambako. Ameandika Jumatatu, ameandika jana, ameandika leo. Gwakisa alimwangalia kama mtu anayeamshwa. Alimtuma arudi dukani kwake aandike mara moja zaidi, akimaliza ampigie simu, na sisi tukaingia stoo.

Kumwona fundi yule akitafuta ubovu kulikuwa kunanichosha na kunituliza kwa pamoja. Hakuruka hatua. Alianza na waya, akauchomoa akaurudisha. Akapuliza vumbi kwenye feni. Akaandika barua ya kujaribu kutoka kwangu: imeingia. Watson akapiga simu kwamba na yeye ameandika, ameambiwa asante: haikuingia. Akaizima programu ya seva akaiwasha upya. Watson akaandika tena, haikuingia. Akafungua faili la mipangilio, akalisoma mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo, midomo inacheza. Akafungua lile faili ambamo seva huandika makosa yake, akakuta jeupe. Seva haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa inafanya kila ilichoambiwa.

Nje upepo wa Agosti ulikuwa unapiga vumbi kwenye bati, na ndani mvumo ule ule. Sijui tulikaa muda gani. Mwishowe akafungua daftari la wageni. Seva kila ikibishiwa hodi inaandika mstari mmoja: nani, kutoka wapi, saa ngapi, ameomba nini. Hakuna anayelisoma daftari hilo, ni refu na halina ladha. Alilitafuta hadi mstari wa mwisho wa Watson. Kisha nikamwona anatoa kile kioo chake cha saa mfukoni, anakibana jichoni, anausogelea uso wa kompyuta kama anayetafuta chembe kwenye gurudumu. Nilitaka kumcheka, nikashindwa.

Mstari ulikuwa na saa mbili ndani yake. Ya kwanza aliyoiandika seva, saa sita na dakika kumi na mbili. Ya pili muhuri wa kompyuta ya Watson, saa tano na dakika kumi.

"Dada Rose," alisema, "Watson yuko nyuma saa nzima."

Nikamjibu Watson siku zote anachelewa.

"Hapana. Watson yuko sawa." Alikitoa kioo jichoni polepole. "Wote wako sawa. Sisi ndio tuliowafungia."

Tulimpigia Watson. Ndiyo, alisema, mwezi uliopita ile betri ndogo ya ndani ya kompyuta ilikufa, fundi aliyeibadilisha alitoka Kasama, akaiwekea saa ya Lusaka, naye aliiacha hivyo hivyo. Kabla ya hapo ilikuwa inafuata saa ya Tunduma, kama duka lake lote. Ndiyo maana tulipoijaribu mwaka jana ilikubali. Tulikuwa tumevuka mpaka tukajaribu kwenye saa yetu wenyewe. Mtu wa Dodoma asingefanya kosa hilo, angeuliza kwanza. Sisi tunaoishi na saa mbili kila siku tulikuwa tumeizoea ile moja mpaka tukasahau ipo. Na saa ya Zambia ndiyo ya Malawi, ndiyo ya Lubumbashi, ndiyo ya Afrika Kusini. Kila binadamu aliyetuandikia kutoka kusini kwa mwaka mzima alionekana kwa seva kama mashine ya dawa za kunenepa, akaambiwa asante, akatupwa.

Gwakisa alibadilisha mstari mmoja tu kwenye programu yake. Ilimchukua dakika moja. Watson akaandika, na barua ikatokea pale juu, shemeji wa Makambako na kila kitu.

Mimi nikauliza zile nyingine ziko wapi. Alisema zimetupwa, hazipo. Kisha akajishika kichwa. Ile fomu yake ya sura ya sita ilikuwa ya kishamba, alisema, fundi mwenye shule angemcheka: haikuificha barua ndani ya bahasha, iliibandika kwenye anwani yenyewe. Na anwani yote huandikwa kwenye daftari la wageni. Seva ilizitupa barua, lakini kabla ya kuzitupa ilikuwa inazinakili moja baada ya nyingine, bila kuelewa, kwa mwaka mzima.

Alhamisi sikufungua duka kwa wateja. Tuliyatenga matangazo, tukachapa mistari iliyobaki, mia sita na kumi na mmoja. Maneno yalikuwa yameshikamanishwa kwa alama za kujumlisha, kwa sababu anwani haikubali nafasi tupu. Yeye alianza na za mwisho akirudi nyuma, mimi nikaanza na za mwanzo. Namtafuta+mama+yangu+wa+Vwawa. Mwambieni+Balthazar+mtoto+ni+wa+kike. Nauliza+kama+nyumba+ipo. Nilikuwa nasikia sauti zao, naapa, wengi, wote wamesimama mahali pamoja penye ukungu wanaongea taratibu, na hakuna anayemgeukia mwenzake. Nikaelewa kwa mara ya kwanza kile alichokuwa ananieleza Gwakisa miaka yote. Ile saa ilikuwepo. Ilikuwa ndani ya stoo yangu, juu ya kreti la soda, na mlango wake niliufunga mimi.

Niliipata kabla ya adhuhuri. Ilikuwa ya tarehe tisa Septemba 2012, miezi kumi na moja nyuma.

"mimi+ni+Tumpe+Kibona+wa+Ibaba+niko+Mufulira+dereva+ameniambia+kaka+ana+ukurasa+huu+nauliza+mama+yupo+kama+yupo+nijibuni+kama+hayupo+msiandike+kitu+nitaelewa"

Mwishoni palikuwa na namba ya simu ya Zambia.

Sikumsomea. Nilimpa karatasi. Aliisoma akiwa amesimama, akaisoma akiwa amekaa, kisha akaniuliza, kwa upole wake ule unaoumiza, kama tulimjibu kitu. Nikamwambia tulimjibu. Tulimwambia asante, barua yako imefika. Halafu tukanyamaza miezi kumi na moja.

Ile namba haikupatikana. Tulipiga hadi betri ya simu ikaisha, tukachaji, tukapiga. Watson akasema namba za kule zipigwe kwa laini ya kule, tumwachie yeye, hata kama ni kwa siku mbili hatalala. Ijumaa tukapanda gari la Isongole, na kutoka pale pikipiki mbili hadi Ibaba. Nilikuwa sijawahi kufika. Tulipanda na mashamba ya viazi yakawa yanaingia kwenye wingu moja moja, mpaka mbele yangu ikabaki taa nyekundu ya pikipiki ya Gwakisa peke yake, inaelea.

Mama Ketrina alikuwa jikoni karibu na moto, mdogo kuliko nilivyomfikiria. Gwakisa alimsomea ile karatasi. Alimwomba asome tena pale penye "mama yupo". Kisha akaikunja akaiweka kifuani. Ni Mzee Anyelwisye aliyesema. Hakuwa mtu mbaya. Alisema karatasi si mtu, na miezi kumi na moja si jana, na mgomba umeshafika, na watu wameshaitwa. Kama hadi kesho jua likiwa juu hakuna sauti ya mtu, watazika.

Jumamosi asubuhi mgomba ulikuwa umelazwa uani juu ya mkeka, umefunikwa shuka jeupe. Wanawake walikaa kuuzunguka, ukungu umewafika mabegani. Shimo lilikuwa tayari nyuma ya nyumba. Mtandao wa simu kule haushiki kila mahali, unashika kwenye kona ya ukuta wa kanisa, na Gwakisa alikuwa amesimama pale tangu kulipopambazuka, mkono juu. Kwa mbali alionekana kama mtu anayeapa.

Saa tatu Watson akapiga. Alisema simu ya Tumpe huchajiwa kwa zamu kwenye duka la jirani, ndiyo kwanza imewashwa, ameongea naye, ni yeye, mpigieni sasa hivi.

Hakuja kutuita. Alipaza sauti mara moja tu, jina la mama yake, na Mama Ketrina akainuka kwa fimbo yake akaanza kutembea. Waombolezaji wote wakamfuata, Mzee Anyelwisye na jembe lake nyuma kabisa. Gwakisa aliiweka simu kwenye spika. Ililia mara nne, ikapokelewa, na sauti ya mwanamke mtu mzima ikasema haloo kwa lafudhi ya Kizambia. Gwakisa akamsogezea mama yake.

Waliongea Kindali. Gwakisa alikuwa ananitafsiria sikioni, ingawa sikumwomba, nadhani alihitaji kuyasema. Alisema Kindali cha Tumpe ni cha zamani, kimebaki cha msichana wa mwaka tisini na moja.

"Mama, mimi nilishakulilia," sauti ilisema. "Nilingoja mwezi, hamkuandika. Nilinyoa nywele. Kina mama wa kanisa walikuja tukakulilia."

"Siku ngapi?"

"Tatu, mama."

Mama Ketrina akafyonza. "Siku tatu tu," alisema. "Mimi nimekataa kukulilia miaka ishirini na miwili."

Pale ukutani watu walicheka na kulia kwa pamoja, na mimi nikashindwa kujua ninachofanya ni kipi. Tumpe naye alikuwa analia huko, halafu akauliza kuhusu neno la baba, kama bado lipo. Mama yake alisema baba alikwenda nalo, na kama kuna aliyebaki nalo alilete hapa alitupe shimoni, shimo liko wazi. Hakuna aliyelileta. Mzee Anyelwisye alikuwa ameketi juu ya mpini wa jembe lake, anatazama chini.

Nilidhani wamemaliza. Ndipo Mama Ketrina akauliza kule alipo ni saa ngapi. Akajibiwa saa mbili na robo. Alimtazama Gwakisa, na Gwakisa akaitikia kwa kichwa, kwamba ndivyo, ni kweli, wao bado hawajafika tulipo.

"Sisi hapa tumeshafika saa tatu," alimwambia bintiye. "Wewe njoo polepole. Tunakungoja hapa mbele."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, ukungu umeanza kunyanyuka. Shimo walilifukia wale wale waliolichimba. Mgomba walifunua shuka, wakaukatakata, wakawapa ng'ombe.